Wa Jirani Alipona

Jumatatu, 8 Juni 1863

Leo ni wiki moja tangu tuondoke nyumbani. Tuliingia Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, jana jioni, kwa bwana yule yule wa mwaka jana, Sjoerd Hoekema, na alfajiri ya leo tukaanza kukata majani. Kwetu mkataji haendi Uholanzi peke yake. Anakwenda na mwenzake. Wanalala pamoja, wanapika chungu kimoja, na anayefuata hutazama mgongo wa anayetangulia mpaka jua litue. Mwenzangu ni Berend Osthof, jirani yangu. Yeye hutangulia kwa sababu ana mkono mrefu. Basi nitautazama mgongo wa Berend mpaka katikati ya mwezi wa saba.

Sijawahi kuandika mambo yangu. Nilisoma majira machache ya baridi tu, wakati wa kiangazi tulichunga. Lakini kila niliporudi kutoka huku, binti yangu Trina alinikalisha na kuniuliza siku moja moja. Siku ya kwanza ulikula nini, baba? Siku ya pili nani alikuchekesha? Mwaka huu hakuna wa kuuliza, na siku zisipopata pa kutokea zitanioza tumboni.

9 Juni

Mvua.

10 Juni

Mvua mpaka mchana. Majani yamelala chini, mundu unateleza juu yake. Berend anaimba.

11 Juni

Anaimba hata akinoa mundu. Sisi hatunoi kwa jiwe peke yake. Tunachomeka fuawe dogo ardhini, tunakaa miguu wazi, na kuupondaponda ukingo wa mundu kwa nyundo mpaka uwe mwembamba kama karatasi. Ni kazi ya kukaa kimya. Yeye anaimba.

Nitaeleza mara moja, nisirudie. Mwezi wa pili dondakoo liliingia kijijini. Nyumba yetu na ya Berend zinatengwa na uzio wa fito tu. Trina aliugua Jumanne. Wessel, mwana wa Berend, aliugua siku hiyo hiyo, kwa maana walikuwa wameng'atiana tofaa moja. Mimi na mke wangu Aleid tulipiga magoti mpaka magoti yakafa ganzi. Berend hakuomba. Alikwenda kupasua kuni, ameniambia mwenyewe, kwa sababu hakujua aseme nini. Ijumaa Trina alikufa. Jumamosi Wessel aliomba supu.

Nalijua neno hilo kwa kuwa mke wa Berend alilisema kwa sauti pale uzioni, "Ameomba supu," akageuka akaniona nina mbao za jeneza begani.

Simwonei Berend wivu kwa ng'ombe wake wala kwa mkono wake mrefu. Namwonea wivu kwa supu ile.

12 Juni

Mvua. Tumekula mkate wa shayiri nyeusi na nyama ya mafuta tuliyotoka nayo nyumbani.

14 Juni, Jumapili

Shuleni tulifundishwa kwamba hata tone la mvua halishuki bila mkono wa Baba. Mwalimu alitufurahisha kwa neno hilo. Leo nimelala chali nikisikiliza matone juu ya paa nikawaza: basi mkono huo ulifika hadi uzioni, ukapima kulia na kushoto, ukachagua. Kama haukuchagua, hauko. Kama ulichagua, nataka kujua ulitumia kipimo gani. Mimi sijawahi kunywa pombe siku ya Bwana. Berend amewahi kuuza nguruwe siku ya Bwana, tena mgonjwa.

Berend aliniona nimekodoa macho.

"Evert, ukiendelea kununa hivyo maziwa ya bwana yataganda."

"Niache."

"Nimekuacha tangu Jumatatu, jirani. Hata mbu wamekukimbia, wote wamehamia kwangu."

Wafanyakazi wa Kifrisia walicheka. Nami nilitaka kucheka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba anachekesha.

16 Juni

Berend amemnunulia Wessel viatu vya mti, vimechorwa ua jekundu puani. Akaja kunionyesha.

"Unavionaje?"

"Vikubwa."

"Atakua."

Alisema hivyo, kisha akavitundika kwenye msumari juu ya malazi yetu. Nimehamisha blanketi langu mpaka karibu na mlango wa ghala. Nimemwambia kwamba vumbi la majani linanikohoza.

19 Juni

Jua kidogo. Tumegeuza majani. Mvua tena jioni.

20 Juni

Leo Bwana Hoekema amechoka kungoja. Amesimama malishoni, ametazama juu, ameamuru mikokoteni.

Berend alichukua kishungi cha majani akakikunja. "Bwana, bado yanajikunja. Majani yaliyokauka huvunjika."

"Wewe umekuja kukata au kunifundisha?"

"Nimekuja kukata, bwana. Kufundisha nakupa bure."

Hata bwana alitabasamu, lakini mikokoteni ilikwenda. Ghala la Kifrisia ni mlima wa paa. Katikati wanarundika majani mpaka juu kabisa, ng'ombe ubavuni, na nyumba ya watu imeshikana nalo ukuta kwa ukuta. Majani yakiingia mabichi huchemka yenyewe ndani, siku kwa siku, bila moto wa mtu, na yakipata nafasi huwaka. Kwa hiyo wanachomeka fimbo ndefu ya chuma katikati ya lundo. Kila jioni baada ya kukamua, mtu huichomoa na kuishika ncha yake huku akisema sala ya Bwana. Akifika kwenye mkate bila kuiachia, watu wakalale. Ikimshinda kabla ya mkate, apige kelele.

Bwana amenipa mimi kazi ya fimbo. Berend aliitaka, bwana akakataa. "Wewe utanifanyia mzaha. Huyu ananuna, atasema kweli."

21 Juni

Nimefika kwenye mkate, na mpaka amina.

23 Juni

Amina.

27 Juni

Tumeingiza malisho ya pili, nayo mabichi. Lundo sasa linagusa miti ya paa. Berend amehamia kulala juu kabisa, ati kuna joto zuri la mgongo. Viatu amepanda navyo.

2 Julai

Amina, lakini polepole. Ncha ina uvuguvugu.

5 Julai, Jumapili

Wanasema Jumapili ijayo atakuja mchungaji wa kwetu. Kanisa limemtuma azunguke huku kuwahubiria wakataji, maana tunakaa miezi bila neno la Mungu. Atahubiri ghalani mwa jirani, ng'ambo ya mfereji.

"Utakwenda?" nilimuuliza Berend.

"Nitakuwa na usingizi."

"Jumapili bado hata haijafika."

"Najifahamu."

Huyu ndiye aliyeachiwa mtoto.

8 Julai

Nimekwenda haraka nikaufikia mkate. Ninaandika ukweli: nilisema sala mbio.

10 Julai

Mvua. Mgongo wa Berend. Mvua.

Nimeanza kujua makunyanzi ya shati lake kama njia za kijijini. Nikimtazama nasema moyoni: huyu atafika nyumbani, na mlangoni kutakuwa na mtu wa kumshika mguu. Sala zangu zote sasa ni hizo, kumwambia Mungu kitu anachokiona. Ulijua. Ungeweza. Ukanyamaza.

11 Julai, Jumamosi

Mchana tulikula pembeni ya mtaro. Berend akasema, bila kuulizwa, kwamba Wessel sasa lazima anamwongoza mbuzi mwenyewe. Kisha akasema, "Mungu alinionea huruma, Evert."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Alifunga mkate wake kitambaani, akaenda kunoa mundu.

Jioni fimbo ilinishinda kwenye mapenzi yako yatimizwe. Sikufika karibu na mkate. Bwana aliita kutoka zizini, "Vipi?" Nikasema, "Joto la kawaida."

12 Julai, Jumapili, jioni

Nitaandika yote.

Asubuhi nilivaa shati safi. Berend alikuwa juu ya lundo, nilisikia akikoroma. Nikavuka mfereji. Sikujiambia "namwacha aungue". Sikujiambia neno lolote. Nilikuwa nimefunga mlango ndani ya kichwa na nilikuwa nyuma ya mlango huo, nimetulia, karibu nina raha.

Mchungaji ni kijana, anaitwa Meyerink, pua yake imebabuka kwa jua. Wakataji wengi walikuja, walikaa juu ya magunia. Hakuhubiri kama wale wa kwetu. Alisema ametembea mashamba mengi mwaka huu na kila mahali anaulizwa swali moja, kwa sababu majira ya baridi yaliyopita dondakoo lilipita vijiji vingi. Akasema amesoma vitabu juu ya swali hilo, na vingine ni vizuri, lakini hajapata hata kimoja ambacho angethubutu kumsomea mama aliyeshika maiti.

"Siwezi kumtetea Mungu mbele yenu," alisema. "Naweza kuwaambia tu mahali nilipomwona. Sikumwona mbali, akihesabu. Nilimwona msalabani, mwana wa mtu, analia kwa nini umeniacha, na yeye pia hakujibiwa. Mungu wetu ni yule aliyeuliza swali lenu kabla yenu."

Mzee mmoja alipangusa pua. Mimi nilipandwa na hasira, kwa kuwa maneno yalikuwa mazuri na Trina yuko chini. Nikasimama, mimi ambaye sijawahi kusema kanisani.

"Mchungaji, mtu anajua baya linakuja. Anaweza kulizuia kwa neno moja. Anakaa kimya. Mtu huyo tumwiteje?"

Nilikuwa nasema juu ya Mungu. Naapa nilikuwa nasema juu ya Mungu. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu mwezi wa pili, nimelinoa mpaka limekuwa jembamba.

Mchungaji alinitazama.

"Kama ni mtu," alisema, "tutamwita muuaji. Unaniuliza juu ya Mungu au juu ya mtu?"

Nilikwisha kuruka magunia.

Sikulitafuta daraja, nilipita majini. Harufu ilinipokea kabla ya ghala: harufu tamu, kama sukari iliyoungua sufuriani. Ng'ombe walikuwa wakihangaika. Nilipiga kelele kwa bwana nikapanda ngazi. Juu, mvuke ulikuwa ukitoka kwenye majani kama kwenye mgongo wa farasi. Berend alikuwa amelala mdomo wazi, mwekundu. Nilimpiga kofi. Alifungua macho, hakunijua.

"Inuka. Lundo linawaka."

"Evert? Kumbe umeruka mahubiri," alisema, kama mlevi.

Alijiinua, akaweka mguu pembeni, na mguu ukazama. Majani chini yake yalikuwa yameshaungua ndani, yameacha shimo na ganda jembamba juu. Alizama mpaka kiunoni. Nilijitupa kifudifudi nikamshika kwapani. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akawa ananiangalia usoni, karibu sana, nikivuta. Sijui aliona nini. Nilivuta mpaka kitu kilikatika begani mwangu, akatoka, suruali inafuka.

Bwana alizuia watu wasifungue milango mikubwa, maana upepo ungemaliza kazi. Tulitoa ng'ombe kwa mlango wa nyuma, tukafunika lundo kwa magunia yaliyoloweshwa, tukalikata bonge kwa bonge na kulitupa mferejini, wakataji wote na mchungaji pamoja, pua yake nyeusi. Nusu ya majani imekwisha. Ghala limesimama. Nyumba imesimama. Berend amelala chumbani kwa bwana, miguu imeungua kuanzia vidole mpaka magotini, imepakwa mafuta ya mbegu za kitani. Mama mwenye nyumba anasema atatembea, lakini si mwezi huu.

Kila mtu amenishika mkono. Wananiita shujaa.

13 Julai

Nimekata peke yangu. Hakuna mgongo mbele. Nilidhani nitapumua.

14 Julai

Nimemshitaki Mungu tangu mwezi wa pili kwa kosa moja, kwamba alijua akanyamaza. Jumamosi nilijua nikanyamaza.

Sisemi kwamba sisi ni sawa. Mimi najua kwa nini nilinyamaza, kwa sababu mtoto wa mtu aliomba supu. Yeye sijui kwa nini. Lakini nilikuwa namdai azuie kila baya, na kama angekuwa na desturi hiyo, Jumamosi ile angelazimika kunikausha ulimi, au kunikausha mzima, maana baya halikuwa mkononi tu. Hakunikausha. Alinivumilia usiku kucha na fimbo yangu. Kisha akanipa swali langu mwenyewe nilimeze. Huenda kuvumilia huko ndiko nilikuwa nakuita kunyamaza.

Hata hivyo hilo halielezi koo la Trina. Pale hapakuwa na mkono wa mtu wa kuvumiliwa. Nimelizunguka jambo hilo leo malisho mazima, na pale nilipoanza ndipo nilipomalizia.

15 Julai

Nimemwambia Bwana Hoekema kwamba fimbo ilikuwa ya moto Jumamosi. Alikuwa akikwangua gurudumu. Aliendelea kukwangua.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na chuki na Berend."

"Na mimi niliingiza mabichi," akasema. "Berend aliniambia, nikamwona mjuaji. Maliza kipande kilichobaki. Mwakani usije."

Nimekuja kwake tangu nikiwa kijana.

16 Julai

Ilibaki kwenda kwa mwenyewe. Nilikwenda mchana, nikiwa na maziwa ya mgando kama kisingizio. Alikuwa chali, miguu juu ya mto.

"Berend, Jumamosi fimbo ilikuwa ya moto."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Jioni ile ulikula kwa mkono wa kushoto. Nikajiuliza, huyu tangu lini. Nimelala hapa siku nne, jirani, sina kazi nyingine, nikaunganisha." Akageuza kichwa. "Jumamosi yenyewe sikuunganisha. Nilisema kama kuna jambo Evert atasema."

Nilitafuta pa kuweka bakuli. Nikasema nimekuja kutubu, na kama anataka kunishitaki kwa wazee wa kanisa nyumbani nitakwenda naye.

"Kaa chini. Unanifunika mwanga."

Nikakaa.

"Na mimi nina langu," alisema. "Ijumaa ile nilikuwa napasua kuni. Nikasikia Aleid analia huko kwenu, nikajua. Unafahamu nilisema nini? Nilisema asante. Nilisema, kifo kimechukua, kimeshiba, hakitaruka uzio. Nilimshukuru Mungu kwa Trina, Evert, mtoto aliyekuwa akinivuta ndevu. Kesho yake wangu akaomba supu, nikaona nimesikilizwa."

Nililiweka bakuli sakafuni.

"Unadhani mimi napenda kuimba? Nikinyamaza mbele yako naisikia ile asante. Ndiyo sababu sikuja kwa mchungaji. Niliogopa atasema jambo la kweli."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu mwingine kabisa, mtu mwepesi aliyependwa, na mtu huyo hakuwahi kuwako. Huyu aliyekuwako alikuwa amebeba zawadi yake kama mwizi. Nikaona pia kwamba ningeweza kumchukia upya kwa asante ile, chuki mbichi kabisa, na ilianza kuchemka palepale nilipokaa. Niliijua harufu yake.

Nikasema, "Nimekusamehe," kabla haijawaka. Nilisema mbio, kama ile sala.

"Na mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini wewe ndiye mbaya zaidi."

"Kwa nini mimi?"

"Miguu inayouma ni ya nani?"

Tukacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, na mimi nikamlisha maziwa kwa kijiko, kwa kuwa hatukujua la kufanya.

17 Julai

Jua kali siku nzima, sasa ambapo halina kazi.

18 Julai, Jumamosi

Kipande cha mwisho kimekwisha. Nimeifunga miundu yote miwili.

Wivu haujaondoka. Naandika ili nisijidanganye. Asubuhi alitaja jina la Wessel nikausikia ukiinuka, ule ule, kama mbwa anayemjua mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba zamani niliuita haki. Leo nauita kwa jina lake, na ninaenda kuushika kila jioni nipime.

Na kwa Mungu bado nina swali. Sijaliondoa. Ila zamani nilikuwa namuuliza nikiwa nimesimama upande wa wasio na hatia, na upande huo nimeutazama vizuri, simwoni mtu.

19 Julai, Jumapili

Mchungaji Meyerink amepita kutuaga. Hakuniuliza mbona nilitoka mbio. Aliomba pamoja nasi, Berend kitandani, mimi kando. Alipofika kwenye mapenzi yako, nilikaa kimya, nikawaacha wao waseme. Kwenye mkate nikaungana nao.

Kesho tunapanda mashua ya mfereji inayovutwa na farasi, kisha kuna mkokoteni wa mtu wa kwetu mpaka njia panda. Kutoka hapo nitambeba Berend mgongoni, hakuna namna nyingine. Mtoto atatusikia, atakuja mbio langoni amshike baba yake mguu, na uso wa kwanza atakaouona utakuwa wangu. Namwomba Mungu, ambaye sijamalizana naye, nisiugeuze. Tukijaliwa, tutafika Ijumaa jioni, tarehe ishirini na nne.